RAIS AKIVURUNDA, NANI AMHUKUMU?

Kijana, pale kijiweni utaambiwa: "Rais akivurunda, subirini uchaguzi." Usidanganyike! Ibara ya 40 ya Katiba ya Muungano ya 1977 inampa vipindi viwili tu. Akivurunda katika cha pili, utamnyima kura gani wakati hagombei tena?

Dawa ni Ibara ya 46A: Bunge kumshtaki na kumng'oa. Ila hoja inataka saini za asilimia 20 ya wabunge, kisha theluthi mbili ndio wamwondoe. Wabunge wa chama chake, ambao ndio anaowapa uwaziri, watathubutu? Wapi!

Sasa ile kura ya ubunge unayoiuza kwa kofia na fulana ndiyo kesi yenyewe. Ukikipa chama kimoja viti vyote, rais umeshamwachia huru kabla hajakosa.