Kutoka Mosocho Hadi Mfangano

Sokoni Mosocho omena hupimwa kwa gorogoro kila siku. Wanafunzi wetu huila, lakini wachache wameliona ziwa inakotoka.

Mwaka 2022 nilisafiri usiku kucha kwa garimoshi kutoka Nairobi hadi Kisumu, mji ambao reli iliufikia mwaka 1901. Nilipanda matatu hadi Luanda Kotieno, nikavuka kwa feri hadi Mbita, kisha kwa mashua ya injini hadi Sena, kisiwani Mfangano. Mgongo uliniuma, sikatai.

Nilikwenda kusikiliza Kisuba, lugha ya Kibantu kama Ekegusii. Ufuoni, bei za sangara zilitajwa kwa Kijaluo. Nyanya mmoja aliyekuwa akianika omena alimwita mjukuu wake kwa Kisuba. Mtoto akaitika kwa Kijaluo. Hakukuhitajika vita. Ndoa, biashara, shule na ibada zilifuata lugha ya jirani, kizazi baada ya kizazi, hata ya kwao ikawa ya wazee.

Je, sisi wa Mosocho tuna haki ya kuwasikitikia? Mama huita kwa Ekegusii, mtoto hujibu kwa Kiswahili, nasi walimu tunampigia makofi. Mimi pia nimepiga.

Shule zetu hukodi mabasi kwenda kutazama wanyama. Walimu wenzangu, safari moja ielekezwe Mbita kupitia Homa Bay, hadi Mfangano. Wanafunzi waandike maneno ya Kisuba ya samaki, mvua na ukoo, kisha wayaweke kando ya yale ya Ekegusii. Pengo watakalokuta upande wa Ekegusii, wakawaulize nyanya zao.