Nahodha Akisema Hapana

Kila chombo kinapozama katika ziwa letu, husikika msemo uleule: ajali haina kinga. Husemwa msibani, husemwa redioni, na nimeusikia hata katika vyumba vya mihadhara hapa Kampala. Mimi naupinga. Ajali nyingi za ziwani zina kinga, na kinga hiyo hudai kitu kimoja ambacho sisi abiria hatutaki kukitoa, nacho ni subira.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Aprili 2024, katikati ya masika, nilikuwa kisiwani Koome nikirudi Kampala kwa ajili ya mtihani. Usiku kucha kulikuwa na radi. Asubuhi nahodha alitazama mawingu, akatazama maji, akasema tungoje upepo utulie. Tulimpigia kelele. Mwenye samaki alilia na samaki wake, nami nikapaza sauti kuliko wote: "Mzee, nina mtihani saa nane!" Aliponyamaza, mmoja wetu akasema tutapanda mtumbwi mwingine. Hapo ndipo aliponyanyuka akawasha injini.

Tulipokaribia Ggaba, rafadha ilikwama kwenye uzio uliofunikwa na maji. Mahali pale zamani palikuwa nchi kavu. Injini ikazima, mtumbwi ukageukia mawimbi ubavu, maji yakaanza kuingia. Tuliyakumba kwa madumu yaliyokatwa hadi wavuvi walipokuja kutuvuta. Hakuna aliyekufa. Lakini hatukuokolewa na ujuzi wa mtu yeyote kati ya sisi tuliokuwa tukimfundisha nahodha kazi yake pale ufuoni.

Wengi wetu hudhani kwamba maji yakijaa, chombo hupita kwa urahisi kwa sababu kina kimeongezeka. Ni kinyume chake. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikapita rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa mwaka 1964. Kwa ziwa lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, ongezeko la mita moja huonekana dogo. Lakini mwambao wetu una sehemu nyingi tambarare, na mita hiyo moja humeza mashamba, visiki, kuta na gati. Nahodha ambaye kwa miaka mingi amebeba ramani kichwani hujikuta ana ramani ya ziwa jingine. Isitoshe, maji yakipanda huinua mafunjo na kuyang'oa, na upepo huyasukuma kama visiwa vinavyotembea. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilifika kwenye mitambo ya umeme kule Jinja, nchi nzima ikaingia gizani. Ikiwa kiliweza kuzima umeme wa taifa, mtumbwi wa mbao utakifanya nini?

Katika hali hiyo, stadi ya kwanza ya nahodha ni kujua siku ya kutoondoka. Usukani na injini huja baadaye. Na stadi hiyo ndiyo tunayoiadhibu. Anayeondoka hulipwa nauli. Anayengoja hupoteza abiria kwa jirani yake. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi tumekuwa manahodha thelathini ndani ya mtumbwi mmoja, na yule mmoja anayejua tumemgeuza kuwa dereva wa bodaboda wa kuharakishwa.

Najua jibu litakalotolewa: manahodha wenyewe ni watu wa tamaa, hujaza chombo kupita kiasi. Wapo, sikatai. Septemba 2018 MV Nyerere ilizama karibu kabisa na gati la Ukara, Tanzania, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, wakafa zaidi ya mia mbili. Novemba mwaka huohuo chombo cha starehe kilizama karibu na ufuo wa Mukono, nacho kikiwa kimejaza, wakafa zaidi ya thelathini. Lakini tamaa ya mwenye chombo haiwezi kufanya kazi peke yake. Huhitaji abiria anayekubali kubanwa, na anayekasirika akiambiwa angoje.

Wengine watasema dawa ni jaketi okozi. Jaketi livaliwe, tena na kila mtu. Lakini jaketi hufanya kazi baada ya kosa kutendeka. Mimi nataka kosa lenyewe lizuiwe ufuoni.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. La kwanza, katika kila mwalo neno la nahodha la kukataa safari liwe la mwisho, na abiria waliokataliwa na mmoja kwa sababu ya hali ya hewa wasichukuliwe na mwingine mpaka hali ibadilike. Wenye mitumbwi wakikubaliana hivyo, hakuna atakayepoteza nauli kwa kuwa mwangalifu.

La pili linawahusu wahadhiri wetu, nami nalisema kwa heshima. Mwanafunzi akichelewa kwa sababu ya foleni ya Jinja Road, mnamwelewa, kwa sababu nanyi mlikuwa ndani ya foleni hiyo. Mwanafunzi wa kisiwani akisema ziwa lilikataa, huonekana mvivu mwenye hadithi. Mkubalieni afanye mtihani siku nyingine. Yule mzee wa Koome hakushindwa na mawimbi asubuhi ile. Alishindwa na ratiba ya mtihani wangu, iliyobandikwa ukutani na watu wasiojua kwamba usiku ule kulikuwa na radi ziwani.

Nilirudi kumwomba radhi mwezi uliofuata. Alicheka, akaniuliza kama safari hii nina haraka. Nikamwambia sina. Tukangoja hadi saa tano, upepo ukatulia, tukavuka.