Mzee si Maktaba: Uzee na Ushirika wa Sanaa katika Kinondoni na Temeke

Katika mijadala ya sanaa na fasihi simulizi ya Afrika, usemi unaonasibishwa na Amadou Hampâté Bâ wa Mali, unaomlinganisha mzee anayefariki na maktaba inayoungua, umekuwa kama kanuni. Watafiti wengi huuchukua kuwa ni hoja tosha ya kuhalalisha kazi yao: mzee ana hazina, hazina itapotea, basi na ahojiwe na kurekodiwa kabla hajaondoka. Usemi huo umejaa heshima, lakini una kasoro moja kubwa. Kitabu cha maktaba husomwa na mtu aliye peke yake, nacho hakibadiliki kwa kusomwa. Makala haya yanadai kwamba uchoraji na muziki, kama vinavyotendwa na wazee wa Dar es Salaam, havirithishwi kwa njia hiyo. Hurithishwa kwa kutenda pamoja, na jamii inapokosa mahali pa kutenda pamoja na mzee, kanda za sauti na picha haziwezi kuliziba pengo hilo.

Dhana hii si ngeni katika mwambao. Katika unyago wa Wazaramo, ambao ni wenyeji wa eneo ambalo leo ni Temeke na Kinondoni, kungwi hapewi kazi licha ya umri wake, bali kwa sababu ya umri huo. Nyimbo za unyago hazifundishwi kwa kuelezwa. Mwali huzipata kwa kuimba, kucheza na kuitikia pamoja na wakubwa wake. Mfano unaofahamika zaidi unatoka ng'ambo ya pili ya bahari, Unguja. Fatuma binti Baraka, maarufu kama Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa mwimbaji wa taarab aliyeshangiliwa duniani na kutunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi yake haikuwa jukwaani. Alikuwa mwalimu wa unyago, akipiga ngoma katikati ya wanawake aliokuwa akiwafunza. Kwake yeye, kuzeeka na kufundisha vilikwenda sambamba.

Katika jiji lenyewe, bendi za dansi zimekuwa shule ya namna hiyo hiyo, ingawa wahakiki hawajaziita hivyo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilibadilika ikawa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Majina ya jumuiya za wafanyakazi yalipita, mtindo ulibaki. Ulibaki kwa sababu kijana aliyeingia bendini alisimama kando ya mkubwa wake, akaanza kwa kuitikia, akajifunza wakati wa kunyamaza na wakati wa kuipisha tarumbeta, na mwishowe akaachiwa beti. Wapenzi waliofurika katika ukumbi wa TCC Chang'ombe kushuhudia Msondo ikipambana na Mlimani Park walikuwa, bila kujua, wakihudhuria darasa lenye vizazi viwili au vitatu kwa wakati mmoja.

Muhidin Maalim Gurumo alikuwa nguzo ya darasa hilo. Aliimba NUTA, akawa miongoni mwa waliojenga Mlimani Park mwaka 1978, akapitia Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 ya uimbaji, alieleza hadharani kwamba muziki haukumwezesha kumiliki hata baiskeli. Mwanamuziki wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, alimzawadia gari. Gurumo alifariki Aprili 2014. Tendo la kijana yule lilikuwa la ungwana na halistahili kubezwa. Linalostahili kuhojiwa ni mazingira yaliyolifanya liwe la lazima. Taifa lilikuwa na njia ya kumhurumia mzee wa muziki, lakini halikuwa na njia ya kumwajiri kama mwalimu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda wimbo uliokwisha kutungwa. Haiugusi ujuzi wa kumlea mtunzi mwingine.

Upande wa uchoraji, suala hili ni zito zaidi kwa sababu linagusa soko. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao laini mwishoni mwa miaka ya 1960, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Yeye hakuuona uzee. Waliouona ni baadhi ya ndugu na wanafunzi aliowaachia kazi, ambao chama chao cha ushirika kilianzishwa mwaka 1990 huko Oyster Bay, Kinondoni. Wachoraji wa mkondo huu wamezoea kukaa bega kwa bega, wakubwa kwa wadogo, na umbo la chui au ndege likapita mkono hadi mkono. Mgeni huona kunakili. Mtu wa ndani huona kurithishana.

George Lilanga, msanii wa Kimakonde aliyekulia kisanaa katika Nyumba ya Sanaa, alifariki Dar es Salaam mwaka 2005. Katika miaka yake ya mwisho kisukari kilimpokonya miguu, lakini hakuacha kazi. Aliendelea kuchora akisaidiwa na jamaa na wanafunzi. Baada ya kifo chake, soko la nje liliuliza ni picha zipi zilizokuwa "zake hasa". Swali hilo ni halali kwa mnunuzi, lakini halifai kuwa kipimo pekee cha mhakiki. Henri Matisse wa Ufaransa, baada ya upasuaji wa mwaka 1941 kumwacha dhaifu, alikata makaratasi yaliyopakwa rangi na wasaidizi wake, nao wakayabandika ukutani kwa maelekezo yake. Kazi hizo huhesabiwa kuwa kilele cha uzee wake. Haielekei kuwa haki kwamba mikono ya wasaidizi iitwe ustadi ikiwa Nice, na itiliwe shaka ikiwa Dar es Salaam.

Ziko pingamizi mbili za kujibiwa. Kwanza, ushirika wa namna hii huweza kuficha udanganyifu na unyonyaji: jina la mzee likauzwa, na kijana aliyechora asipate kitu. Hatari hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kuitaja mikono yote iliyoshiriki, katika picha na katika mapato. Pili, yadaiwa kwamba wazee huwabana vijana na kuudumaza ubunifu. Baadhi hufanya hivyo. Lakini historia ya bendi inaonyesha kwamba waimbaji waliohama na kuanzisha mitindo mipya walikuwa ni wale wale waliolelewa katika mitindo ya zamani. Gurumo mwenyewe ni ushahidi.

Kwa hiyo, wajibu wa vyuo vikuu hauishii katika kumpelekea mzee kinasa sauti. Idara za Kiswahili na za sanaa zinapaswa kurekodi mazoezi ya bendi na siyo mahojiano tu, ili sauti ya kijana anayekosea na ya mzee anayemrekebisha zihifadhiwe pamoja. Zinapaswa pia kuwapokea wazee kama wakufunzi wenye ujira, hata kama hawana vyeti, na kuwapeleka wanafunzi Chang'ombe na Oyster Bay wakakae, wachore na waitikie. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Vivyo hivyo, mkono mmoja haurithishi sanaa. Mzee anapoketi peke yake mbele ya kinasa sauti, hakuna wa kumwitikia, na nusu ya wimbo imekwisha kupotea.