Fimbo moja ya radi kulinda mita 79: hesabu inayobishaniwa

KAMPUNI zinazouza vizuia radi vya aina mpya hutoa ahadi inayomvutia kila mwenye jengo: fimbo moja tu juu ya paa yatosha kulinda eneo ambalo kwa utaratibu wa zamani lingehitaji fimbo na nyaya nyingi. Ahadi hiyo imebishaniwa na wanasayansi kwa miaka mingi, na mabishano yamewahi kufika mahakamani.

Radi haishuki kwa mkupuo mmoja. Chaji za umeme hutoka winguni kwa hatua, kila moja ikiwa na urefu wa makumi ya mita. Zinapokaribia ardhi, vitu vilivyochomoza, kama vile mti, mnara au pembe ya paa, hutoa cheche zinazopanda kuzilaki. Cheche itakayotangulia kukutana nazo ndiyo huamua radi ipige wapi. Fimbo ya kawaida, iliyobuniwa na Benjamin Franklin wa Marekani katika karne ya 18, huwekwa ili iwe mahali hapo, kisha iupeleke umeme ardhini kwa waya mnene.

Watengenezaji wa fimbo mpya wanadai kuwa chombo kilichomo kichwani mwake huifanya itoe cheche mapema zaidi. Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Kiwango cha Ufaransa kinachoziongoza, NF C 17-102, kilichotolewa mwaka 1995 na kurekebishwa mwaka 2011, hakiruhusu kuhesabu zaidi ya sehemu 60 za milioni ya sekunde. Lakini kwa kukadiria kuwa cheche hupanda mita moja katika kila sehemu hiyo, muda huo hugeuka mita 60 za ziada. Hapo ndipo hesabu inaponona. Fimbo iliyo mita tano juu ya paa, katika daraja la juu kabisa la ulinzi, huhesabiwa kulinda mita 79 kila upande. Ukiondoa nyongeza hiyo, hubaki mita 13 tu.

Wapinzani wanasema vipimo vya maabara, vinavyofanywa katika nafasi ya mita chache, haviwezi kulinganishwa na wingu la mvua. Watafiti waliosimika fimbo za aina mbalimbali mlimani huko New Mexico, Marekani, waliripoti mwaka 2000 kuwa katika miaka saba zilizopigwa na radi ni fimbo butu, si zile mpya. Mwaka 2005 mahakama ya shirikisho huko Arizona ilizuia watengenezaji kutangaza eneo kubwa la ulinzi wasiloweza kulithibitisha. Ajabu ni kwamba watengenezaji hao ndio waliofungua shauri.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili si la maabara. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Shule yenye madarasa yaliyotawanyika ndiyo hasa mteja wa nguzo moja katikati ya uwanja.

Haki itendeke: fimbo hizo si bure. Zikiungwa vizuri na ardhi, hupokea radi kama fimbo nyingine yoyote. Hatari iko kwa darasa lililo umbali wa mita 50, lililoachwa bila waya kwa sababu mchoro wa muuzaji umeliweka ndani ya duara. Mnunuzi anaweza kumtaka muuzaji achore duara la pili, lisilo na zile mita 60, kisha ahesabu majengo yaliyobaki nje.