Dawa inaomba moyo safi, lakini risasi haiulizi moyo

Vilimani kwa Kivu, vita inapokaribia, kuna neno ambalo vijana wanaambiana usiku: dawa inamshika mwenye moyo. Wanasema mai peke yake ni mai tu. Kinachoyafanya kuwa kinga ni mtu mwenyewe, usafi wake na nguvu yake ya kukataa. Asiye na nguvu hiyo ndani, hata akimwagiwa pipa nzima, hatapona.

Neno hilo si la kuchekwa. Nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayomaliza watoto wa watu.

Kwanza ile nusu ya kweli. Anayeingia katika kundi la Mai-Mai hanyunyiziwi mai na kuachwa hivyo. Anachanjwa, na anapewa masharti. Masharti yanatofautiana kundi kwa kundi, lakini mengine yanajulikana karibu kila mahali: usiibe, usimguse mwanamke, usile chakula fulani, usiangalie nyuma wakati wa mapigano, usiogope. Mwenye kuyashika kweli anabadilika. Anajifunza kutawala tumbo lake, mikono yake na woga wake. Anaamini wenzake, nao wanamwamini. Katika mapigano mtu kama huyo hakimbii ovyo, na raia wanaweza kulala karibu naye bila kuficha mbuzi wala binti zao. Wazee wanaokumbuka vikundi vya zamani vilivyolinda vijiji wanakumbuka hasa jambo hilo.

Tena, dawa imewahi kushinda vita, na njia yake inajulikana. Mwaka 1964 Wasimba waliteka Uvira mwezi wa tano, Kindu mwezi wa saba na Kisangani mwezi wa nane. Wengi wao walikuwa na mikuki na mapanga. Askari wa serikali walikuwa na bunduki, lakini wao pia waliamini dawa. Waliposikia watu wanakuja wakipiga kelele ya mai, wengi walitupa silaha na kukimbia. Dawa ilifanya kazi katika mioyo, ya wale walioshambulia na ya wale walioshambuliwa.

Mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo, mamluki kutoka nje na makomando wa Ubelgiji walifika Kisangani. Hao hawakuamini, kwa hiyo hawakukimbia. Mji ulitoka mikononi mwa Wasimba. Mai yalikuwa yale yale, lakini mbele yao walikuwa watu wengine.

Historia hii ina dada yake mkubwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kusini mwa Tanzania ya leo, aliwapa watu maji ya kuwalinda na risasi za Wajerumani. Maji hayo yalifanya kazi kubwa: yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja. Lakini tarehe 30 mwezi wa nane mwaka huo, walipoishambulia ngome ya Mahenge, bunduki za rashasha ziliwafyeka kama majani. Umoja wao ulikuwa wa kweli. Kinga haikuwepo.

Basi hapa inaingia ile nusu ya pili. Kama dawa inategemea moyo wa mtu, nini kinasemwa anapoanguka? Kinasemwa kile kile siku zote: alivunja sharti.

Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akakaa miezi saba milimani upande wa Fizi pamoja na wapiganaji wa huko. Katika maandishi yake alieleza jinsi alivyofundishwa habari ya dawa: inamlinda mtu mradi asiguse kitu kisicho chake, asiguse mwanamke, na asiogope. Akifa, maelezo yako tayari: aliiba, alilala na mwanamke, ama aliogopa. Baada ya kushindwa kule Bendera mwezi wa sita, mganga alipolaumiwa alijitetea kwa maneno hayo hayo, wanawake na woga.

Miaka sitini imepita na jibu halijabadilika. Tazama jinsi lilivyotengenezwa. Aliyepona ni ushahidi kwamba dawa ina nguvu. Aliyekufa ni ushahidi kwamba yeye hakuwa na nguvu. Hakuna siku dawa yenyewe inaweza kushindwa. Na ni nani katika uwanja wa vita asiyeogopa hata nukta moja? Sharti la kutoogopa ni sharti ambalo kila binadamu atalivunja, kwa hiyo kila maiti ana kosa.

Uchungu wake unaenda mpaka kwenye matanga. Mama aliyepoteza kijana anaongezewa aibu: anaambiwa mtoto wake alikuwa mwizi ama mwasherati, la sivyo angerudi. Mtoto hawezi kusimama kujitetea. Wakubwa waliompeleka hawaulizwi kitu.

Mbaya zaidi ni kwa wadogo. Kwa sababu dawa inataka usafi, katika vikundi vingi watoto wa kiume wanahesabiwa kuwa safi kuliko watu wazima. Wanapewa kazi ya kutunza mai na kunyunyizia wapiganaji. Mtoto wa miaka kumi na miwili anasimama mahali risasi inapita kwa sababu tu hajamjua mwanamke. Usafi ambao ungepaswa kumpeleka shuleni ndio unaompeleka kwenye kifo.

Sheria iko wazi. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza aliye chini ya miaka 18 katika jeshi ama kundi lolote la silaha. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Hague ilimhukumu Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la Ituri, kifungo cha miaka 14 kwa kosa la kutumia watoto wa chini ya miaka 15 vitani. Sheria haisemi kwamba mtoto aliyechanjwa ni tofauti na wengine.

Lakini hata anayeamini dawa kwa moyo wote ana swali la kujiuliza, na jibu lake liko ndani ya masharti yenyewe. Sharti la kwanza ni kutoiba. Basi kizuizi cha barabarani ambapo mama wa soko analipishwa juu ya kikapu cha muhogo, hicho ni nini? Sharti lingine ni kutomgusa mwanamke. Basi mwanamke anayeshikwa kwa nguvu njiani akienda shambani, aliyemshika ana dawa gani? Kwa sheria ya dawa yenyewe, mai ya kundi kama hilo yalikufa zamani. Mkubwa anayevunja masharti mchana hawezi kumwambia kijana wa mwenzake usiku kwamba atakuwa salama akiyashika.

Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake anaitwa, awe kambini, awe amepokelewa kwa jamaa, awe amerudi kijijini, ana haki ya kuuliza maswali matatu. Je, watoto wa mkubwa huyo nao wamechanjwa, na wako mstari wa mbele? Kundi lake linakula kutoka wapi? Waliokufa mwaka jana, familia zao zilitunzwa ama zilitukanwa? Majibu hayo yanatosha kupima dawa.

Kijana aliyetoka porini naye anahitaji kusikilizwa. Wengi wanarudi na woga kwamba wakila hiki au wakioa, dawa itawageukia. Kumcheka hakumsaidii. Kama jamaa wanaona afanyiwe maombi, ama wazee wamwoshe kwa desturi ya kwao, wafanye, mradi apate njia ya kusema ndani ya nafsi yake: imekwisha. Na aambiwe wazi kwamba wenzake walioanguka hawakuanguka kwa kukosa usafi. Walipigwa risasi.

Nguvu ya ndani haijakosa kazi. Kambini kuna kijana anayegawa chakula cha msaada na haongezi kipimo cha ndugu yake. Kuna mwingine anayesindikiza wasichana kwenda kuchota maji jioni na hawagusi. Kuna baba anayekataa pombe ili watoto wapate unga. Hao wanashika masharti, tena magumu, na hakuna aliyewanyunyizia kitu.

Wazee waendelee kufundisha masharti hayo kwa vijana wote. Mai wayaache kwenye mtungi, ni ya kunywa.