Waliobeba Vita Vichwani

Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1914 hadi 1918 havikuwa vita vya Waafrika, wala hakuna aliyewauliza, lakini wao ndio waliovibeba vichwani. Mwanafunzi hufundishwa mbinu za Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Wajerumani, aliyesalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ni nadra kuelezwa kwamba Kariakoo, jina la mtaa wa Dar es Salaam, ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, watu waliobeba risasi na chakula cha jeshi kwa miguu, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu.

Kwa hiyo riwaya ya Abdulrazak Gurnah kuhusu maisha ya watu wa vita hivyo, iitwayo Afterlives, iliyochapishwa mwaka 2020, haifai kuachiwa wasomi wa vyuo vikuu peke yao. Uzito wake haumo katika mapigano. Umo katika mkono wa Afiya, mtoto yatima aliyefundishwa kusoma na kuandika na kaka yake Ilyas: mlezi anapogundua kwamba mtoto wa kike anajua kuandika, anampiga hadi mkono unavunjika, na ni maandishi hayo hayo, kikaratasi cha maneno machache, yanayomletea mtu wa kumtoa pale. Umo pia katika mguu wa Hamza, askari aliyejeruhiwa vibaya kwa upanga, si na adui, bali na mkubwa wake Mjerumani, akarudi mjini akichechemea kutafuta kibarua.

Hata hivyo riwaya hiyo inamfuata askari kuliko mpagazi, na pengo hilo ni la waandishi wa Kiswahili kuliziba. Wagogo wa katikati ya Tanzania hadi leo wana neno Mtunya, jina la njaa iliyowapata baada ya majeshi kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wenye nguvu. Nani amelitungia riwaya? Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka wapagazi kwa jumla tu, bila jina la hata mmoja. Walimu wa historia na wawatume basi wanafunzi wao kwa mabibi na mababu, daftari mkononi, waulize ni nani katika ukoo alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, aliitwa nani, na kama alirudi.