Tupime sabuni bila kuumiza macho ya sungura



Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji watalicheka mwanzoni. Jambo lenyewe ni jinsi sabuni, shampuu na vipodozi vinavyopimwa ili ijulikane kama vinaunguza macho.

Sisi wa Iyunga sabuni si kitu kigeni kwetu. Wenye umri wangu wanakikumbuka kiwanda cha Hisoap hapa Mbeya. Siku hizi sabuni nyingi ya maji tunayotumia majumbani inakorogwa na akina mama na vijana katika ndoo, kwa salfoniki, ungaroli na soda ashi, kisha inatiwa katika chupa za maji zilizokwisha kutumika na kuuzwa. Siwalaumu, kwani ndiyo riziki yao, na mimi mwenyewe ni mteja wao. Lakini mwaka jana mtoto wa jirani yangu alirukiwa jichoni na sabuni ya namna hiyo, akakaa siku nne jicho limevimba. Muuzaji alipoulizwa aliipima vipi sabuni yake, alijibu kwamba alichovya kidole na hakuwashwa.

Ndipo nikaanza kuulizia wenye viwanda vikubwa duniani wanapimaje. Kwa miaka mingi kipimo chao kilikuwa ni jicho la sungura aliye hai. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1944 na John Draize na wenzake wa idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa. Sungura hutiwa dawa jicho moja, la pili likaachwa kwa kulinganisha, halafu huangaliwa baada ya saa 1, 24, 48 na 72, na pengine hadi siku 21. Alichaguliwa sungura kwa sababu ni mpole, ni rahisi kumfuga na ana jicho kubwa.

Haki isemwe: watu hao hawakuanza kwa kupenda ukatili. Katika miaka ya 1930 rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure iliharibu macho ya wanawake kadhaa huko Marekani, na mwaka 1938 ikapitishwa sheria ya kuvidhibiti vipodozi. Ilibidi kitu kipimwe. Kosa ni kwamba kipimo chenyewe hakikuwa imara. Mwaka 1971 wataalamu Weil na Scala walichapisha matokeo ya vitu vile vile vilivyopimwa katika maabara zaidi ya 20, na majibu yakapishana vibaya sana. Kitu ambacho maabara moja ilikiona ni kikali, nyingine ilikiona hakina neno. Sungura wameteseka, na mnunuzi bado hajaambiwa la uhakika.

Mwaka 1980 Henry Spira, mwalimu wa sekondari wa New York, aliongoza kampeni dhidi ya kampuni ya Revlon hadi ikatoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kutafuta njia nyingine. Napenda wasomaji waone kwamba hakuwa profesa wala waziri. Leo njia hizo zipo, na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2013 haukubali vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama kwa ajili ya soko lake.

Njia inayonivutia zaidi inahusu machinjio. Jicho la ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama huchukuliwa likiwa bichi, likahifadhiwa kwa ubaridi katika maji maalumu ya chumvi. Maabara hukata konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho, na kuubana katika kishikio. Sabuni humiminwa juu yake kwa dakika 10, ikaoshwa, na baadaye hupimwa mwanga unaopita umepungua kiasi gani na rangi imepenya kiasi gani. Shirika la OECD lilikubali kipimo hiki mwaka 2009, pamoja na kile cha jicho la kuku aliyechinjwa. Mwaka 2015 likakubali na kile cha tabaka la seli za binadamu zilizooteshwa maabara. Sisemi kwamba vimekamilika. Jicho lililokufa haliwezi kuonyesha kama lingepona baada ya wiki tatu, na ndiyo sababu hutumiwa zaidi ya kipimo kimoja. Lakini Nyanda za Juu Kusini hazikosi ng'ombe wanaochinjwa kila siku.

Najua nitaambiwa: watoto wanaumia, wewe unalilia sungura! Hapa kwetu sungura ni kitoweo, na mimi nakila. Kumchinja kwa kisu kikali ni jambo moja, kumwekea kostiki jichoni ni jambo jingine, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikutungwa bure. Isitoshe, yule mama wa ndoo hatapata kamwe fedha za kupima kwa sungura. Tukingojea hilo, mtoto wa jirani ataendelea kuwa ndiye sungura.

Na hatua ya kwanza haihitaji hata jicho la ng'ombe. Mwongozo wa OECD wenyewe unasema kitu chenye pH ya 2 kushuka chini, au 11.5 kupanda juu, kichukuliwe kuwa kinaharibu jicho bila kumjaribu mnyama yeyote. Hiyo hujulikana kwa kipande cha karatasi, ndugu wananchi, kama zile wanazochovya wanafunzi wa kemia. Kostiki ile ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni sufuriani hufanya kazi hiyo hiyo kwenye mafuta ya seli za jicho, ikazidi kupenya ndani. Kidole kikavu hakiwezi kumwambia mtu habari hiyo.

Kwa hiyo naliomba Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia vipodozi, lishirikiane na SIDO kuwafundisha watengenezaji wadogo kupima kila ndoo kwa karatasi kabla ya kuuza, na kuandika kwenye chupa kwamba sabuni ikiingia jichoni lioshwe mara moja kwa maji mengi safi, angalau robo saa, kisha mtu aende hospitali. Nacho Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichopo hapa hapa Mbeya, je, hakiwezi kutuma kijana na ndoo ya barafu machinjioni alfajiri moja akaanze na macho ya ng'ombe?

Msomaji wako,
Iyunga, Mbeya.